Kunyoosha Usukani wa Gari Lililoinuliwa: Mwongozo Kamili wa Alaimenti, Hatua kwa Hatua

Malalamiko yanayojirudia ni yale yale. Gari la njia mbovu limefungwa springi ndefu, limeinuka milimita 50 au 75, limevishwa matairi makubwa, na siku ya kwanza barabarani usukani umekaa kombo, gari linatangatanga kama mashua isiyo na mkuku, na baada ya kona usukani haurudi wenyewe. Mwenye gari hulipeleka kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupanga pembe za magurudumu, hurudi na karatasi inayoonyesha kwamba kila kitu ni sawa, kisha hugundua kwamba gari bado linatangatanga.

Wengi walioshindwa kazi hii walikuwa na vifaa vya kutosha, ila walianzia mwisho. Walikaza tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) kabla ya kugusa kasta (imeelezwa hapa chini), au waling'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka huku kila kitu chini ya gari kikiwa kimepinda. Katika gari lililoinuliwa, kila kipimo hukisogeza kinachofuata, kwa hiyo mpangilio wa hatua zilizo hapa chini haupaswi kubadilishwa hata pale hatua moja inapoonekana haina maana.

Mwongozo huu unahusu hasa magari yenye ekseli nzima mbele (boriti moja inayounganisha magurudumu mawili), kama Suzuki Jimny, Jeep Wrangler, na zile Nissan Patrol na Toyota Land Cruiser za aina hiyo. Magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea yana sehemu yao karibu na mwisho.

## Vifaa vinavyohitajika

- Jeki yenye uwezo wa kubeba uzito wa gari lako, stendi mbili imara na vizuizi vya magurudumu.
- Spana za saizi zote za tairodi, draglinki (fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu) na mikono ya ekseli (inayoishikilia ekseli kwenye chasisi), pamoja na spana ya kupimia mkazo.
- Utepe wa kupimia wenye alama za milimita, ambao haujapinda wala kunyooka kupita kiasi kwenye ndoano yake.
- Kipimapembe cha kidijitali chenye sumaku. Programu ya simu inaweza kusaidia, mradi simu itolewe kwenye kava lake na ilazwe juu ya kitu kilichonyooka kabisa.
- Chaki au rangi nyeupe ya kupuliza, na msumari uliofungwa kwenye gogo zito.
- Timazi, uzi mrefu na pimamaji.
- Mafuta ya kulegeza kutu, kotapini (pini za kuzuia nati zisilegee) mpya, na kitabu cha gari chenye viwango vya kukaza bolti.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Hatua ya pili haifanyiki vizuri ukiwa peke yako.

## Maneno matatu ya kuelewa kwanza

Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia linapogeuzwa, ukitazamwa kutoka ubavuni mwa gari. Ncha ya juu ya mhimili ikiwa imelalia nyuma, kasta ni chanya, na ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe na gari lishike njia.

Toini ni hali ya magurudumu ya mbele kukaribiana zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma yake. Yakiachana kwa mbele, hali hiyo huitwa toauti.

Kemba ni mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje ukilitazama gari kwa mbele. Kwenye ekseli nzima kemba haibadiliki kwa kuinua gari, kwa hiyo ukiikuta imeharibika, tafuta ekseli iliyopinda, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma ambacho gurudumu hugeukia) iliyokufa au beringi iliyolegea.

## Hatua ya 1: Liweke gari katika hali yake ya kawaida

Egesha gari mahali tambarare. Thibitisha kwa pimamaji na ubao mrefu kwamba sakafu haijainama kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, wala kati ya mbele na nyuma. Sakafu iliyoinama nyuzi 1 itakupa kasta yenye kosa la nyuzi 1, na nyuzi 1 ni kiasi kikubwa katika kazi hii.

Jaza matairi upepo sawa pande zote mbili. Pakia kila kitu ambacho gari hubeba siku zote: winchi, bampa la chuma, sanduku la vifaa na hema la juu ya paa. Gari lililopimwa tupu kisha likapakiwa kilo 200 linakuwa na urefu mwingine, na vipimo vyake vinakuwa vingine.

Kama springi ni mpya, endesha gari siku chache kwanza ili zikae. Kisha lisukume gari juu na chini mara kadhaa kwa kukandamiza bampa, uliviringishe mbele mita tatu au nne, na uliache lisimame lenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu.

Mwisho, pima urefu kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia inamaanisha springi zimefungwa vibaya au zimebadilishana pande, na ni lazima zirekebishwe kabla ya jambo lingine lolote.

## Hatua ya 2: Tafuta ulegevu wote

Hakuna alaimenti inayoweza kushikilia kwenye kiungo kilicholegea. Utapima toini ya milimita 2 gari likiwa limesimama, na likianza kwenda, upinzani wa barabara utaivuta hadi iwe toauti.

Weka magurudumu chini, washa injini, na umwombe msaidizi aupeleke usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi wa haraka, kama robo ya mzunguko, huku wewe ukiwa chini ya gari. Shika kila kiungo kwa mkono mmoja baada ya mwingine: tairodi endi, ncha za draglinki, mkono wa boksi la stelingi (boksi la gia la usukani), ncha mbili za panadi (fimbo inayoizuia ekseli isisogee kando), na mahali boksi lenyewe lilipofungwa kwenye chasisi. Unachotafuta ni sehemu moja kusogea kabla ya sehemu iliyoungana nayo. Mara nyingi mkono hugundua kabla ya jicho.

Kagua panadi kwa umakini zaidi. Tundu lake la bolti likishakuwa la mviringo mrefu, hata bushi (mpira wa ndani ya tundu la kiungo) mpya haitasaidia.

Zima injini, inua ekseli kwa jeki na uiweke kwenye stendi. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Mchezo hapo unatoka kwenye beringi ya habu, boljointi au kingipini (pini inayofanya kazi ya boljointi kwenye baadhi ya magari). Lishike kushoto na kulia. Mchezo hapo, kama haukuonekana juu na chini, unatoka kwenye viungo vya stelingi.

Onyo: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde kumi za kuangalia bolti moja. Na gari likiwa limewashwa, breki ya mkono ikazwe na vizuizi viwe vimewekwa nyuma na mbele ya magurudumu.

Hatua hii imekamilika pale usukani unapotikiswa na magurudumu yakatii papo hapo. Niliwahi kupoteza siku mbili nikirekebisha toini ambayo kila asubuhi niliikuta imebadilika, na chanzo kilikuwa bushi moja ya mkono wa ekseli iliyopasuka upande usioonekana.

## Hatua ya 3: Irudishe ekseli katikati ya gari

Panadi ni fimbo inayoizuia ekseli isisogee kushoto na kulia. Ncha yake moja imefungwa kwenye chasisi na nyingine kwenye ekseli. Gari likiinuka, fimbo hiyo husimama wima zaidi, na upana unaoufunika hupungua, kwa hiyo huivuta ekseli kuelekea upande ambao imeshikwa na chasisi.

Mfano wa hesabu: panadi yenye urefu wa milimita 850, ambayo ncha yake moja ilikuwa chini ya nyingine kwa milimita 100, inafunika upana wa takriban milimita 844. Gari likiinuliwa milimita 75, tofauti ya ncha inakuwa milimita 175, na upana unabaki takriban milimita 832. Ekseli imeshasogea milimita 12 kwenda upande mmoja, na draglinki imesogezwa pamoja nayo.

Tundika timazi kutoka sehemu mbili zinazolingana za chasisi, moja kila upande, na upime umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu. Ukiwa na panadi inayorekebishika, toa bolti moja, zungusha ncha yenye nyuzi za skrubu hadi vipimo vya kushoto na kulia vitofautiane kwa milimita 3 au pungufu, kisha urudishe bolti. Ikiwa bolti haiingii, msaidizi ausogeze usukani kidogo kidogo. Ekseli itasogea pamoja nao.

Usitosheke na ekseli ya mbele tu. Pima umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kushoto kisha kulia, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita chache, ekseli mojawapo imekaa mshazari. Ekseli ya nyuma iliyo mshazari huisukuma gari pembeni, na dereva hulazimika kushika usukani kombo ili aende moja kwa moja, hata kama mbele kila kitu ni sahihi.

## Hatua ya 4: Rejesha kasta

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mashine nyingi za alaimenti huipima kasta ya ekseli nzima lakini haziwezi kuibadilisha. Hakuna bolti ya kuzungusha. Fundi huandika namba, hurekebisha toini na kukukabidhi ufunguo.

### Kwa nini kasta hupotea

Kwenye magari yenye mikono miwili mirefu inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chasisi, ekseli imeshikwa na mikono hiyo kwa uthabiti. Gari likiinuka, mikono huinamia chini kwa mbele na ekseli huzunguka pamoja nayo, na ncha ya juu ya mhimili wa gurudumu huja mbele. Mkono wenye urefu wa milimita 900, ukishuka milimita 50, huzunguka takriban nyuzi 3.2. Kama gari lilitoka kiwandani na kasta ya nyuzi 3, umebaki na sifuri au chini yake, na hapo ndipo kutangatanga kunapoanzia.

Magari yenye mikono minne, miwili juu na miwili chini, hupoteza kasta kiasi kidogo kuliko hayo kwa kila milimita, lakini hupoteza.

### Jinsi ya kuipima

Njia rahisi ni kutafuta uso bapa uliochongwa kiwandani ambao uko sambamba au wima kwa mhimili wa gurudumu, kama kifuniko cha juu cha kingipini au uso ulio karibu na boljointi ya chini. Weka kipimapembe hapo kikielekea mbele na nyuma, na usome pembe.

Kama huna uso wa kuaminika, tumia njia ya kugeuza. Weka kila gurudumu la mbele juu ya karatasi mbili za plastiki zilizopakwa grisi katikati ili ligeuke bila kujinyonga. Bandika kipimapembe wima kwenye habu au kwenye rimu, kikipima mlalo wa gurudumu kwenda ndani na nje. Geuza gurudumu nyuzi 20 kwa upande wa nje, yaani mbele yake iende mbali na gari, na uandike pembe. Kisha ligeuze nyuzi 20 kwa upande wa ndani na uandike tena. Mlalo wa kwenda nje uuhesabu kuwa chanya, na wa kwenda ndani kuwa hasi. Toa pembe ya pili kutoka kwa ile ya kwanza, uzidishe jibu kwa 1.5, na hiyo ndiyo kasta kwa ukaribu wa kutosha. Ukipata +1 nje na −1 ndani, tofauti ni 2, na kasta ni nyuzi 3.

Pima pande zote mbili. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli nzima inaonyesha ekseli iliyojinyonga au mkono mmoja uliopinda, na gari litavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo.

### Jinsi ya kuirekebisha

Lengo lako la kwanza liwe namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya aina hii, kasta iliyo kati ya nyuzi 3 na 5 hutoa mwendo mzuri, na matairi makubwa hupenda upande wa juu wa kiwango hicho. Njia za kufika hapo ni hizi:

Bushi zenye tundu la pembeni. Hizi huingizwa kwenye mikono, upande wa ekseli, na tundu lake lisilo katikati huizungusha ekseli kwa nyuzi chache. Zinatosha kwa gari lililoinuliwa kiasi cha milimita 50. Zina mwelekeo maalumu, na ukizikandamiza kinyume utakuwa umeipunguza kasta badala ya kuiongeza. Weka alama ya rangi kwenye mkono na kwenye bushi kabla ya kuiingiza kwenye mashine ya kukandamiza.

Mabano ya kuteremsha mikono. Hushusha ncha ya mkono iliyo kwenye chasisi, na hivyo hurudisha pembe ya mkono karibu na ilivyokuwa. Gari huwa tulivu barabarani, lakini mabano hayo hugonga mawe kwanza. Mimi ninayapendelea kwa gari linalosafiri masafa marefu, na siyapendi kwa gari la kupanda miamba.

Mikono mipya iliyopindwa au inayorekebishika. Hii ndiyo njia ya kufaa gari likiwa limeinuliwa zaidi ya milimita 75. Kwenye gari la mikono minne, kurefusha mikono ya chini au kufupisha ya juu huirudisha nyuma ncha ya juu ya mhimili. Mikono ya kushoto na kulia lazima iwe na urefu ule ule kabisa, la sivyo ekseli itakaa mshazari na utarudi hatua ya tatu.

Kabari kwa springi za mabamba. Kabari ya chuma huwekwa kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli. Mwelekeo wake ndio unaowachanganya watu. Ekseli ikiwa juu ya springi, upande mnene wa kabari uelekee mbele. Springi ikiwa juu ya ekseli, upande mnene uelekee nyuma. Tumia kabari ya chuma kigumu badala ya alumini, ambayo hupasuka kwa kugongwagongwa, na uhakikishe bolti ya katikati ya springi ni ndefu kiasi cha kupita kwenye kabari na kuingia kwenye tundu la kiti.

Onyo: kuongeza kasta huielekeza shingo ya difu (gia za katikati ya ekseli) ya mbele chini, na pembe ya propela (shafti inayoleta nguvu kwenye difu) inakuwa kali zaidi. Ukipata mtetemo au sauti ya mvumo mpya ukiwa umeunganisha magurudumu manne, umevuka mpaka wa propela hiyo. Huwezi kuwa na kasta nyingi na propela iliyonyooka kwa wakati mmoja bila kuikata na kuizungusha miisho ya ekseli, kazi inayohitaji mchomeleaji mwenye vifaa vya kuishikilia ekseli isijinyonge. Punguza nyuzi 1 ya kasta na uishi nayo.

Bolti za mikono zikazwe mkazo wa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote chini. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi za mpira zitabaki zimejinyonga na zitachanika mapema.

## Hatua ya 5: Tafuta katikati ya boksi la stelingi

Boksi la stelingi limetengenezwa liwe na mkazo mkubwa zaidi likiwa katikati kabisa ya mwendo wake. Ukiendesha moja kwa moja huku boksi likiwa nje ya katikati, usukani huwa na ulegevu usioisha, na gari hugeuka vizuri upande mmoja kuliko mwingine.

Toa ncha ya draglinki kwenye mkono wa boksi. Ni lazima uitoe, kwa sababu magurudumu mara nyingi hufika mwisho wa kugeuka kwake kabla ya boksi, na ukihesabu mizunguko ikiwa imefungwa utapata katikati ya uongo. Zungusha usukani taratibu hadi mwisho wa kushoto bila kulazimisha, kisha uhesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Ikiwa ni mizunguko 4, rudi miwili. Hapo ndipo katikati.

Usukani ukiwa umenyooka hapo, uache kama ulivyo. Ukikuta umepinda, kuna mtu aliwahi kuung'oa, na sasa ndio wakati pekee halali wa kuurudisha kwenye meno yake sahihi. Kabla ya kuugusa usukani wenye mfuko wa hewa, tenganisha betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari.

Onyo: usitenganishe shafti ya usukani na kuuacha usukani uzunguke ovyo. Waya wa ond ulio nyuma yake, unaohudumia mfuko wa hewa na honi, hukatika.

## Hatua ya 6: Rekebisha toini

Inua gurudumu moja la mbele, paka chaki mzunguko mzima katikati ya uso wa tairi, kisha lizungushe huku msumari uliofungwa kwenye gogo ukigusa chaki. Utapata mstari mwembamba ulionyooka kikamilifu hata kama tairi lenyewe lina mabonde. Fanya hivyo upande wa pili.

Shusha gari, lisukume mbele mita tatu, na usilirudishe nyuma, kwa kuwa kurudi nyuma huvibana viungo upande usio sahihi. Pima umbali kati ya mistari miwili kwa mbele ya matairi, kwa urefu wa habu kutoka sakafuni. Kisha pima kwa nyuma kwa urefu ule ule. Kama chasisi au difu inaziba njia ya utepe, shuka pande zote mbili kwa kiasi kimoja.

Kipimo cha nyuma kikizidi cha mbele kwa milimita 1.5 hadi 3, umefika, isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 800, milimita 2 ni sawa na takriban nyuzi 0.14, kwa hiyo utepe uliolegea unaweza kukudanganya kabisa. Pima mara tatu.

Ili kubadilisha, legeza nati za kufungia kwenye miisho yote miwili ya tairodi na uizungushe fimbo yenyewe kwa robo ya mzunguko kila mara. Ncha moja ina nyuzi za kawaida na nyingine za kinyume, ndiyo maana fimbo hurefuka au hufupika bila kutolewa. Baada ya kila badiliko, lisukume gari tena kabla ya kupima.

Kabla ya kukaza, hakikisha tairodi endi zote mbili zimekaa katikati ya mwendo wake. Zikiwa zimelala pande tofauti, kiungo kitabana usukani ukigeuzwa.

## Hatua ya 7: Nyoosha usukani kwa draglinki

Sasa tu ndipo usukani unaguswa, tena kupitia draglinki. Boksi likiwa katikati kama ulivyoliacha, nyosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili, sambamba na chasisi, na uyageuze magurudumu ya mbele hadi nafasi kati ya uzi na mistari ya chaki iwe sawa kushoto na kulia. Rekebisha urefu wa draglinki hadi ncha yake iingie kwenye mkono wa boksi bila kuusogeza usukani wala magurudumu.

Kwenye baadhi ya magari, tairodi imeshikwa kwenye draglinki yenyewe badala ya kwenda moja kwa moja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Huko kurekebisha kimoja huharibu kingine, kwa hiyo rudi upime toini baada ya kila mguso wa draglinki hadi vyote viwili vitulie.

Weka nati, ikaze kwa kiwango chake, na utie kotapini mpya. Tundu likikosa kulingana, kaza mbele hadi lilingane, usilegeze nyuma.

## Hatua ya 8: Jaribio la barabarani

Kabla ya kuondoka, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uangalie kama matairi yanagusa mikono, bodi au mirija ya breki. Mirija ya breki isivutike hata ekseli ikining'inia.

Anza kwa kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tupu, kisha 60, na kama gari limetulia, 80. Jaribu pande zote mbili za barabara ikiwa ni salama, kwa kuwa barabara nyingi zimeinamishwa ukingoni ili maji yatiririke, na gari zuri kabisa litaonekana linavuta.

Usukani uliokaa kombo kidogo, huku gari likienda vizuri, unahitaji draglinki pekee. Gari linalotangatanga na usukani usiorudi baada ya kona, likiwa halina ulegevu wowote, bado lina kasta ndogo. Usukani unaorudi kwa nguvu mno na ulio mzito kugeuza una kasta iliyozidi. Mtetemo mkali wa usukani unaoanza ghafla baada ya kugonga shimo na kukulazimisha kupunguza mwendo hadi karibu kusimama unakurudisha hatua ya pili, na usiendeshe tena hadi upate chanzo. Damper (kizuia mtetemo) mpya ya stelingi itauficha mtetemo huo kwa wiki kadhaa huku kiungo kikiendelea kulika.

## Ukiona usukani unageuka wenyewe kwenye matuta

Hili haliponyeki kwa alaimenti. Panadi na draglinki zinapaswa kuwa sambamba zikitazamwa kwa mbele, na urefu wake ukaribiane, ili ekseli ikipanda na kushuka zote zichore tao moja. Watu wengi hununua mkono wa boksi ulioteremshwa na kuufunga peke yake. Hapo huiinamisha draglinki kwa pembe moja na kuiacha panadi kwa nyingine, na gari linakuwa baya kuliko mwanzo. Ukiteremsha kimoja, teremsha na mwenzake.

## Kwa magari ambayo kila gurudumu linajitegemea

Hapa kasta, kemba na toini zote hubadilika kwa pamoja. Hatua ya kwanza na ya pili zinabaki vile vile, ila hakuna panadi wala draglinki. Mara nyingi gari huinuka na kemba chanya na kasta iliyopungua.

Kwenye magari yenye bolti za ekisentriki (zinazosogeza mkono zikizungushwa) katika mkono wa chini, kusukuma bolti zote mbili nje huipunguza kemba chanya. Kuivuta ya mbele ndani na kuisukuma ya nyuma nje huileta boljointi ya chini mbele, na kasta huongezeka. Bolti zikifika mwisho wake kabla ya kufikia namba, unahitaji mikono mipya ya juu. Kuzilazimisha zaidi hakuna faida.

Toini huja mwisho, kwa kuzungusha tairodi mbili kiasi kile kile kila upande ili usukani ubaki katikati. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza lina kihisi kinachosoma pembe ya usukani, nacho lazima kiwekwe upya kwa kompyuta ya uchunguzi baada ya kazi, la sivyo gari linaweza kuamini kwamba linapinda kona na kushika breki kwenye barabara iliyonyooka.

Baada ya kilomita 100, rudi chini ya gari na spana ya kupimia mkazo, upitie bolti za panadi, mikono ya ekseli na nati za tairodi. Rudia baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, na upige mstari wa rangi kwenye kila nati na bolti yake, ili siku nyingine utambue kwa jicho tu iliyosogea.